Maana Isiyotamkwa Katika Sheria



Sheria husema kwa maneno yake, na husema pia kwa yale isiyoyatamka. Wanazuoni wa Usuli Fiqhi huiita maana hiyo mafhumu, nayo ni ya namna mbili.

Ya kwanza huafiki tamko. Katika Suratul Israa, aya ya 23, tumekatazwa kuwaguna wazazi. Kuwapiga hakukutajwa, lakini ni nani atakayesema kumeruhusiwa?

Ya pili hukhalifu tamko: likitajwa sharti, basi lisipokuwapo hukumu hugeuka. Mashafii huikubali kwa mipaka, Mahanafi huikataa.

Mipaka hiyo inatugusa sisi tulio ughaibuni. Suratun Nisaa, aya ya 23, inamharamishia mume kumwoa binti wa mkewe aliyekwisha kumwingilia, ikimtaja binti huyo kuwa yumo katika malezi yake. Je, binti aliyelelewa na bibi yake Tanga, asiyepata kuishi na baba huyo wa kambo, ni halali kwake? Ibn Hazm alilishika sharti la malezi. Madhehebu manne yamesema ni haramu: malezi yametajwa kwa kuwa ndiyo ada. Na aya yenyewe imetamka kwamba mama asipoingiliwa hapana ubaya. Kuhusu malezi haikutamka mfano wa hayo.

Basi binti huyo, siku atakapomfuata mama yake huku ugenini, huingia nyumba ya maharimu wake. Na penye ukimya wa sheria, tuwaulize wajuao kabla ya kujihukumia.

Wallahu aalam.