Jabal Shams peke yako: tazama saa kuliko kilele

Waswahili wa Maskati wakienda Jabal Shams siku ya Ijumaa, wengi huishia ukingoni mwa korongo. Picha, chai ya chupa, mbuzi wawili watatu wanaonusanusa mifuko ya chakula, kisha gari hugeuzwa. Siwalaumu. Korongo la Wadi Ghul lina kina cha takriban kilomita moja, na kulitazama hakumtoi mtu jasho.

Njia ya kupanda mlima wenyewe inajulikana kwa alama ya W4. Huanzia uwandani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha kusini chenye mita 2,997. Kile cha kaskazini, kirefu kuliko vyote nchini Omani, ni cha jeshi na hakiendeki. Aliyewahi kupanda Meru atacheka. Asiharakishe kucheka.

Udongo wa kukanyaga ni wa kutafuta. Ni mawe ya chokaa yenye meno, na katikati yake changarawe inayoteleza kama mahindi yaliyomwagika sakafuni. Kiongozi wako ni rangi: mistari ya njano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa mawe. Mkiwa kundi mnapiga soga, na kuna atakayeiona. Ukiwa peke yako huna wa kumtegemea, basi nilijiwekea sharti: rangi ikipotea, narudi hadi ile ya mwisho niliyoiona, hata kama mbele panaonekana kama njia. Mbuzi nao wana njia zao.

Mawe haya yalikuwa sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita, ila leo usitegemee kupata hata tone njiani. Nilibeba lita tano. Ni kilo tano mgongoni, na asubuhi unazilaani.

Watu huogopa joto. Kuanzia Novemba hadi Februari mimi huogopa zaidi magharibi, maana jua huweza kuzama mapema, hata karibu saa kumi na moja na nusu, na safari nzima huweza kumla mtu saa kumi au zaidi. Kwa hiyo huanzwa alfajiri, na saa sita mchana ikikukuta popote, geuka, hata kilele kikiwa kinakuita. Kushuka hakuokoi muda kama watu wanavyodhani: magoti yamechoka, na jiwe lililokubeba ukipanda hubingirika ukishuka.

Nilifika juu kabla ya saa sita. Upepo mkali, rada ya wanajeshi ng'ambo. Nikala tende, nikafunga upya kamba za viatu, nikaanza kuteremka.