Dar hadi Sanje kwa siku moja: Chagua usafiri kwa kuanzia na safari ya kurudi

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wanaopanga mapumziko ya mwisho wa wiki wamekuwa wakijiuliza swali moja tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza kubeba abiria kati ya jiji hilo na Morogoro, Juni 14, 2024.

Swali lenyewe ni iwapo sasa inawezekana kuondoka jijini alfajiri, kuyaona maporomoko ya maji ya Sanje yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na kurudi kulala nyumbani usiku huohuo.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana kwa shida, kwa njia moja tu, na kwa mtu aliyejiandaa. Njia nyingine zote zinamfikisha msafiri Sanje, lakini hazimrudishi salama.

Sanje si maporomoko ya kupita na kutazama kutoka barabarani. Maji yake huanguka kwa ngazi tatu zenye jumla ya takriban mita 170, na kuyafikia ni lazima kupanda kwa miguu.

Hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za magari ndani yake. Mzunguko wa kawaida wa kupanda hadi kwenye maporomoko na kushuka huchukua takriban saa nne, chini ya mwongozaji, katika msitu wenye mbega wekundu na mangabei wa Sanje, jamii ya nyani ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1979 pekee.

Saa hizo nne hazipunguzwi na chombo chochote cha usafiri, na ndizo zinazovuruga hesabu za wengi.

Umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi eneo hilo ni takriban kilomita 370. Safari ina vipande vitatu: Dar es Salaam hadi Morogoro, karibu kilomita 190 kwa barabara, Morogoro hadi Mikumi mjini, takriban kilomita 120, na kutoka Mikumi kuingia barabara ya Ifakara kupitia Kidatu hadi Sanje na Mang'ula, takriban kilomita 60.

SGR imefupisha kipande cha kwanza tu. Hicho ndicho kilichokuwa na kero kubwa ya foleni za Mbezi, Kibaha na Chalinze, hivyo faraja yake ni ya kweli. Lakini zaidi ya kilomita 170 zilizosalia bado ni za barabara, na ndizo zenye hatari zaidi giza linapoingia.

Tuanze na gari binafsi, kwa kuwa ndilo chaguo la kwanza la familia nyingi na vikundi vya marafiki.

Mwenye gari anaweza kuondoka saa 10 alfajiri, akavuka Chalinze kabla jua halijapanda na kufika lango la Mang'ula kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Akikamilisha taratibu za kuingia na kupanda mlima, atakuwa chini tena karibu saa 10 jioni.

Hadi hapo hesabu inapendeza. Tatizo ni kwamba dereva aliyeamka saa 9 usiku, akaendesha kwa saa sita na kupanda mlima kwa saa nne, sasa anatakiwa kuendesha kwa saa nyingine sita au saba. Atafika nyumbani saa 4 hadi saa 5 usiku, akiwa macho kwa karibu saa 20.

Aidha, hawezi kuufidia muda huo kwa mwendo. Mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na vijiji vilivyo kando ya barabara hiyo ni vingi, kama zilivyo tochi za askari wa usalama barabarani.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hupita kwa kilomita 50, mwendo wa juu ni kilomita 70 mchana na 50 usiku. Kuna faini kwa atakayemgonga mnyama, na kila aina ya mnyama ina kiwango chake. Msafiri wa siku moja hupita hapo jioni, wakati ambao wanyama hupenda kuvuka.

Kabla ya Mikumi yapo mashamba ya miwa ya Kilombero. Katika msimu wa mavuno, matrekta yenye matela marefu yaliyosheheni miwa hutumia barabara hiyohiyo. Dereva mchovu anayelifikia tela lisilo na taa usiku hana nafasi kubwa ya kujiokoa.

Kwa gharama, gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litahitaji takriban lita 74 za mafuta kwenda na kurudi. Msomaji anaweza kuzidisha kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa watu wanne au watano gharama hiyo inavumilika, ilimradi kuwe na madereva wawili wenye leseni, na yule wa kurudisha gari awe hakugusa usukani asubuhi.

Chaguo la pili ni basi. Yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka Stendi ya Magufuli iliyoko Mbezi Luis kwenda Ifakara, ambayo hupita Sanje na Mang'ula.

Basi la alfajiri litamfikisha msafiri mchana, jua likiwa utosini, wakati waongozaji hawapendi tena kuanza safari ndefu ya msituni. Hata akikubaliwa kupanda, atashuka wakati mabasi ya kutoka Ifakara kwenda Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida huondoka asubuhi, yamekwisha kupita.

Litakalobaki ni kutafuta gari dogo au bodaboda hadi njia panda ya Mikumi, kisha kusubiri mabasi yatokayo Mbeya, Iringa au Songea, ambayo mara nyingi huwa yamejaa. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, lakini ruhusa hiyo haimhakikishii mtu kiti akiwa kando ya barabara.

Basi linamfaa anayelala Mang'ula. Kwa safari ya siku moja halifai kabisa.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina kituo Mang'ula, na wapo wanaoikumbuka kwa mapenzi. Hata hivyo, treni zake za abiria hazijawahi kuwa za kwenda asubuhi na kurudi jioni, hivyo haiingii katika mjadala huu.

Inabaki SGR ikiunganishwa na gari la kukodi mjini Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida kwa mtu mzima ilipangwa kuwa Sh13,000 huduma ilipoanza, hivyo watu wazima wanne walihitaji Sh104,000 kwenda na kurudi. Treni hutumia takriban saa mbili.

Anayepata treni ya saa 12 asubuhi atashuka Morogoro karibu saa 2. Kituo cha SGR kipo Kihonda, nje ya katikati ya mji na mbali na Stendi ya Msamvu. Asiyekuwa na gari linalomsubiri atapoteza nusu saa au zaidi kwa bajaji kabla hata hajauanza mwendo wa kwenda Mikumi.

Kwa gari lililopangwa mapema, Noah au Coaster kulingana na idadi ya watu, kikundi kitafika Mang'ula karibu saa 5:30, kitaanza kupanda saa 6 mchana na kushuka saa 10 jioni. Kurudi Morogoro ni saa tatu au zaidi, yaani saa 1 hadi saa 2 usiku.

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Kabla ya kulipia tiketi ya asubuhi, msafiri anapaswa kuangalia ratiba ya siku hiyohiyo ya kutoka Morogoro jioni. Kama treni ya mwisho yenye nafasi inaondoka kabla ya saa 3 usiku, safari hiyo isipangwe, kwa sababu pancha moja tu itaiharibu.

Ubora wa njia hii si kasi pekee. Dereva wa Morogoro huendesha takriban kilomita 360 badala ya 740, hupumzika abiria wanapopanda mlima, na abiria wanaweza kusinzia ndani ya treni bila kumhatarisha mtu.

Kwa wenye watoto wadogo au wazee, ushauri wa mwandishi ni tofauti: ondokeni Ijumaa jioni kwa treni, laleni Morogoro, na mwondoke mjini saa 11 alfajiri. Hapo mtapanda mlima jua likiwa bado changa na kuvuka Mikumi mkirudi kabla ya giza. Gharama ya chumba cha usiku mmoja si kubwa ukiilinganisha na unachokiepuka.

Asiyekuwa na usiku huo wa kulala anaweza kubaki Morogoro penyewe. Kwenye miteremko ya Uluguru yapo maporomoko ya Choma, madogo kuliko Sanje, ambayo hufikiwa kwa miguu kutokea mjini na kumwachia msafiri muda wa kuiwahi treni ya jioni bila kukimbizana na saa.

Katika kipindi cha masika, Machi hadi Mei, Sanje huwa na maji mengi na njia zake huteleza. Ongezeni saa nzima katika hesabu zote zilizotajwa hapo juu.

Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa njia ya kielektroniki. Ni vyema kuhakikisha simu ina salio la kutosha mkiwa bado Mikumi, badala ya kuanza kumtafuta wakala mkiwa mmesimama langoni.