Vyumba vya habari: linki moja ya uongo inatosha kuharibu kazi ya wote

Linki moja iliyotumwa na wadanganyifu inatosha kuwapa funguo za redio nzima ao gazeti zima. Mashirika makubwa ya habari duniani yamepatwa na jambo hilo, hata kama yana mafundi na vyombo vya bei kali. Katika Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, ambako habari nyingi zinapitia simu ya mkononi, swali hili linagusa pia usalama wa raia: watu wanaokubali kusema kwa siri wanaamini kwamba anayewaandikia ni mwandishi wa habari mwenyewe.

Namna wezi wanavyofanya inajulikana. Hawavunji mlango, wanamwomba mwenye nyumba afungue. Mfanyakazi anapokea barua pepe ao ujumbe wa WhatsApp unaoonekana kutoka kwa mwenzake, kwa mkubwa wake ao kwa shirika la misaada. Ndani kuna linki. Akiibonyeza, anakuta ukurasa unaofanana na ule wa Google ao Facebook, unaomwomba neno la siri. Akiliandika, amekwisha kuwapa wezi akaunti yake. Kwa Kifaransa udanganyifu huu unaitwa hameçonnage, ni kusema kuvua kwa ndoano.

Dakika chache za uongo

Tarehe 23 mwezi wa nne 2013, wafanyakazi wa shirika la habari la Marekani, Associated Press, walipata barua pepe yenye jina la mwenzao, ikiwaomba wasome habari muhimu ya gazeti Washington Post. Kabla saa moja haijapita, akaunti ya Twitter ya shirika hilo ilitangaza kwamba milipuko miwili imetokea katika White House na kwamba rais Barack Obama amejeruhiwa. Ilikuwa uongo. Lakini makampuni makubwa katika soko la hisa la New York yalipoteza thamani ya zaidi ya dola miliari 130 ndani ya dakika chache, kabla ya bei kurudi. Kundi lililojiita Jeshi la Elektroniki la Syria, lenye kumuunga mkono Bashar al-Assad, ndilo lilijisifia kitendo hicho.

Karibu wiki mbili baadaye, kundi hilo liliingia katika gazeti la mzaha The Onion, huko Marekani pia. Mafundi wa gazeti walieleza kila kitu hadharani. Mfanyakazi mmoja alidanganywa kwanza. Kisha, usiku, wezi walitumia anwani yake kuandikia wenzake. Kwa kuwa ujumbe ulitoka kwa mtu wanayemjua, wengi walibonyeza. Uongozi ulipoandikia wote wabadilishe maneno ya siri, wezi, ambao walikuwa bado na akaunti nyingine, walituma ujumbe unaofanana na ule wa uongozi, wenye linki yao. Hawakuwatumia mafundi, ili wasishtuke. Watu wengine wawili walinaswa. Jumla, akaunti zisizopungua 5 ziliibwa.

Tangu wakati huo, vyombo vingi vya habari vinafundisha wafanyakazi wao, na vingine vinawapima kwa kuwatumia ndoano ya kujaribu. Hapo pia kuna makosa ya kuepuka. Mwezi wa tisa 2020, kampuni ya Tribune Publishing, yenye gazeti Chicago Tribune, iliahidi wafanyakazi wake kwa barua pepe zawadi ya hadi dola 10 000. Waliobonyeza waliambiwa kwamba ni jaribio na kwamba wameshindwa. Watu hao walikuwa wametoka kukatwa mishahara na kuona wenzao wakifukuzwa kazi. Hasira ilikuwa kubwa, na kampuni ikaomba radhi.

Mfanyakazi aliyeaibishwa, siku ya ndoano ya kweli atanyamaza. Na wakati ananyamaza, mwizi anaendelea kuandikia wengine kwa jina lake. Ndiyo sababu mafunzo mazuri yanaanza kwa ahadi ya uongozi: anayesema mara moja « nimebonyeza » hatapewa azabu.

Kupiga simu kabla ya kubonyeza

Somo la pili linatoka The Onion: kuhakikisha ujumbe kwa njia nyingine. Ukifika kwa barua pepe, mtu anapigia simu anayesemekana ameutuma. Ukifika kwa WhatsApp, anampigia ili asikie sauti yake. Kujibu katika njia ileile hakusaidii, kwani anayejibu anaweza kuwa mwizi.

Katika redio ndogo, WhatsApp ndiyo mlango wa kwanza. Ndoano inayojulikana sana ni hii: rafiki anaandika kwamba amekutumia kwa makosa namba ya tarakimu 6, anaomba umrudishie. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako. Anayeitoa anapoteza akaunti, na mwizi anaingia katika vikundi vyake, anaomba marafiki pesa, ao anauliza chanzo cha habari: « Uko wapi sasa? »

Ulinzi hauombi pesa. Katika mipangilio ya WhatsApp kuna uhakikisho wa hatua mbili, unaoongeza namba ya siri ambayo mwenyewe anachagua. Kuna pia orodha ya vyombo vilivyounganishwa: chombo usichokijua, unakiondoa. Neno la siri la ukurasa wa Facebook wa redio lisiwe lile la barua pepe, na lisijulikane na watu wote.

Mafunzo hayo hayahusu waandishi peke yao. Mhasibu, fundi wa sauti na kijana anayefanya stage wanapokea ujumbe uleule. Mkutano wa asubuhi wa chumba cha habari unatosha kwa kuanza: dakika 10, ujumbe wa mashaka uliopokelewa wiki hiyo unaonyeshwa kwa wote, na namba ya simu ya mtu wa kuarifu inabandikwa ukutani.