Mji Mkuu Kuhama Hakuiui Kariakoo

Kazi yangu ni uthamini wa ardhi na majengo. Kwa miaka kadhaa sasa swali linalofika mezani kwangu ni lilelile, na wanaolileta ni watu wazima wenye akili zao: wenye nyumba za urithi Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo, Dar es Salaam, wenye fremu Aggrey na Likoma, hata vijana wanaohangaikia fremu ya kwanza. Mji mkuu umehamia Dodoma. Je, tuuze Kariakoo mapema, kabla bei haijaporomoka?

Hapana. Mwenye kuuza na auze kwa sababu zake: warithi wameshindwa kuelewana, kuna mgonjwa wa kutibiwa, kuna mtaji unaohitajika kwingine. Hizo ni sababu za kweli na sizibishii. Ila kuuza kwa sababu ya Dodoma ni kuuza kwa sababu isiyokuwepo.

Kuhusu Dodoma kuwa makao makuu, hapo hapana mjadala. TANU iliamua mwaka 1973, Bunge likahamia 1996, Rais Magufuli akatangaza Julai 2016 kwamba serikali inahama, sheria ikatungwa 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Wizara ziko Mtumba. Anayefundisha watoto kwamba mji mkuu wa Tanzania ni Dar es Salaam anawafundisha kosa. Ninachokataa ni lile linalofuatishwa baada ya hapo, kwamba waziri akihama, mteja naye anafunga virago.

Tuanze na mzigo wenyewe. Simama Mtaa wa Congo au Narung'ombe kontena linaposhushwa, uliza mali imetoka wapi. Utatajiwa Guangzhou, Yiwu, Dubai, Istanbul. Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo minne ulio mji mkuu wa nchi yake. Mji mkuu wa China ni Beijing. Wa Falme za Kiarabu ni Abu Dhabi. Wa Uturuki ni Ankara tangu 1923, na karne nzima baadaye nguo bado zinafuatwa Istanbul. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoijua Yiwu duka kwa duka na hawajawahi kukanyaga Beijing. Watu hao hao, wakirudi nyumbani, wananiuliza kama soko linaweza kuishi bila ikulu jirani. Wao wenyewe wanaishi kwa masoko ya namna hiyo.

Halafu tazama anayenunua. Anatoka Lubumbashi, Ndola, Lusaka, Lilongwe, Moroni. Anatoka Songea, Mbeya, Kahama. Anachokifuata ni bei ya jumla, bidhaa nyingi ndani ya mitaa michache, bandari iliyo karibu, gari la kupakia mzigo jioni hiyohiyo, na muuzaji anayemwamini kiasi cha kumpa mali kwa mkopo. Mtumishi wa wizara ananunua suruali moja na viatu vya watoto shule zinapofunguliwa. Hanunui marobota ya vitenge. Kodi ya pango ya Mtaa wa Likoma haikuwahi kulipwa na mshahara wake.

Hapa ndipo ninapoletewa Bagamoyo, kila mara, kana kwamba ni ushahidi usiojibika. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, wakahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na Bagamoyo ikafa. Basi na Dar es Salaam ijiandae.

Hoja hii imerudiwa sana na haijakaguliwa. Makao makuu yalipohama, misafara ya pembe haikuhama nayo. Kwa miaka kadhaa baada ya 1891 wapagazi waliendelea kushuka kutoka Unyamwezi na kumalizia safari Bagamoyo, kwa kuwa wenye mali, wenye majahazi na wakopeshaji walikuwa hapo, mkabala na Unguja. Wajerumani wenyewe waliendelea kujenga pale: Boma lao, lile ambalo watalii wanalipiga picha, ni la mwaka 1897, miaka sita baada ya gavana kuondoka. Serikali haijengi boma la namna hiyo katika mji uliokwisha.

Kilichoimaliza Bagamoyo ni maji na reli. Ufuko wake hauna kina. Jahazi linaweza kukaa mchangani likapakuliwa. Meli ya mvuke hulazimika kutia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa mashua. Dar es Salaam ina bandari ya asili yenye kina na kinga ya upepo, na hiyo ndiyo iliyomvutia Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, kabla ya gavana yeyote wa Kijerumani. Kisha reli: ile ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901 ikabeba biashara ya Ziwa Victoria, ile ya kati ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Reli ilipofika Tabora, nani angemlipa mpagazi atembee miezi hadi Bagamoyo? Njia ya mzigo ndiyo iliyohama. Ofisi ilikuwa imeshahama zamani, na mji ukaendelea kula.

Sasa pima Dar es Salaam kwa kipimo hichohicho. Bandari imehama? Reli imehama? Reli ya kisasa inaanzia hapa hapa, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Gerezani, na tangu katikati ya 2024 inapeleka abiria hadi Dodoma. Mwenye duka Majengo ya Dodoma anaweza sasa kupanda treni alfajiri, akazunguka Kariakoo, akarudi kulala kwake. Kuhama kwa serikali kumemwongezea mwenye fremu wateja, maana Dodoma iliyokua inahitaji mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo inapitia mitaa hii.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Nigeria ilihamia Abuja Desemba 1991, na hadi leo hakuna anayeuliza biashara ya nchi hiyo iko wapi, iko Lagos. Ivory Coast ilitangaza Yamoussoukro mwaka 1983, Abidjan haikutetereka. Jirani zetu Burundi wana Gitega tangu 2019, lakini bandari ya Ziwa Tanganyika iko Bujumbura na wafanyabiashara wako huko huko. Ukitaka kuona mji unaoumizwa na kuhama kwa serikali, angalia Malawi: makao makuu yalipohama Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, iliyopungukiwa ni Zomba, mji wa ofisi. Blantyre, mji wa biashara ulio karibu yake, haukuguswa.

Na hapo ndipo wasiwasi wenu ungekuwa na maana, kama ungeelekezwa mahali pake. Dar es Salaam nayo ina Zomba yake, ndiyo Posta na Kivukoni. Wenye maghorofa ya ofisi waliozoea kupangisha wizara na wakala za serikali waliguswa kweli, na mama lishe wa Kivukoni waliokuwa wakiwalisha makarani mchana waliguswa zaidi yao. Lakini Posta si Kariakoo. Katikati yao kuna Mnazi Mmoja tu, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na bado ni masoko mawili ya ardhi yasiyofanana hata kidogo. Mthamini anayechukua bei ya ofisi za Posta kukadiria fremu ya Msimbazi hajui kazi yake.

Wengine hunikumbusha fremu zilizofungwa kati ya 2016 na 2018. Nazikumbuka. Zilifungwa miaka ileile serikali ilipoanza kuhama, na kwa hiyo watu wakaunganisha mambo mawili. Waulize waliofunga: walilalamikia ukusanyaji wa kodi na wateja wa nje waliokuwa wanasumbuliwa njiani, wakaanza kununua kwingine. Hakuna aliyefunga fremu kwa kuwa katibu mkuu amehama nyumba Oysterbay. Na kama Dodoma ingekuwa sumu, ingeanza kuua mapema. Tangu uamuzi wa 1973, Kariakoo imepata soko kubwa lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, imepokea biashara huria ya miaka ya 1980, na nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine yakasimama maghorofa. Bunge liliondoka 1996, maghorofa yakaendelea kupanda. Sensa nayo inasema wazi: Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Jiji la Dodoma, katika muongo huohuo wa kuhama, lilitoka 410,956 hadi 765,179. Dodoma imekua kwa kasi, ndiyo, lakini watu walioongezeka Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya walioongezeka Dodoma.

Swali hili lisingenichosha kama lingekuwa hofu tupu. Nyuma yake kuna dawa inayouzwa. Dalali anamwendea mjane au warithi wasiokaa mjini, anawaambia Kariakoo inakufa, waachie kiwanja kwa bei ya haraka, na kwa fedha hiyo watapata viwanja vitano Dodoma. Hesabu yake inahesabu viwanja na haihesabu kodi ya pango. Ni kuuza ng'ombe anayekamuliwa ili ununue ndama watano. Nyumba chakavu ya Mtaa wa Swahili, yenye fremu tatu mbele, inaleta pango mwezi huu. Kiwanja kitupu Nala au Ihumwa hakileti kitu hadi ukijenge, kinadaiwa kodi ya ardhi kila mwaka, na hati yake ina sharti la kukiendeleza ndani ya muda. Mnunuzi wa Kariakoo, yule anayelipa fedha taslimu mjane anapoogopa, mbona yeye haogopi? Anajua mnachokikimbia hakipo. Wanaonunua Dodoma kwa akili wananunua kwa fedha ya ziada, wakiwa wamekagua hati kwanza. Hawakuuza chakula chao.

Mkitaka kuogopa, ogopeni yanayoua thamani kweli. Soko kuu liliungua Julai 2021. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka siku kadhaa kwa ugomvi wa kodi hadi Waziri Mkuu akaja kukutana nao Mnazi Mmoja, na Juni 2024 wakafunga tena. Mteja wa Lubumbashi anayekuta milango imefungwa mara mbili huanza kuuliza njia nyingine. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka kwenye makutano ya Mchikichi na Congo, likaua zaidi ya watu 20. Baada ya siku ile, jengo lisilo na nyaraka za mhandisi lilipaswa kukosa wapangaji, na inaumiza roho kwamba bado linawapata. Kuna pia ushindani wa kituo kipya cha biashara Ubungo. Kuna mteja wa Mbeya anayeagiza kwa simu na kuletewa mzigo kwa basi. Kwake, fremu ya barabarani na stoo ya ghorofa ya nne ni kitu kimoja, na hilo litabadilisha tofauti ya pango kati ya chini na juu. Haya yote yangetokea hata kama serikali nzima ingebaki Magogoni.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Nyumba ya urithi: nendeni mahakamani apatikane msimamizi wa mirathi kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Angalia hati imebakiza miaka mingapi, lipa kodi ya ardhi inayodaiwa. Kama hamna haja ya fedha yote leo, fikirieni ubia: ninyi mnatoa kiwanja, mjenzi anatoa fedha, mnagawana fremu na ghorofa, mkataba uandikwe na wakili wenu, si wakili wa mjenzi, na utaje nani analipa pango la kwenu wakati wa ujenzi na mjenzi akikwama inakuwaje. Ghorofa lililopo: mhandisi alikague nguzo na msingi, hasa jirani akianza kuchimba. Mpangaji: usitoe kilemba, yaani fedha ya kuingilia fremu, bila maandishi, na hakikisha anayekipokea ndiye mwenye mamlaka ya kupangisha, maana fremu nyingi hupangishwa na mpangaji wa mpangaji. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango ikubaliwe mapema nani anaibeba. Unataka kiwanja Dodoma? Kagua umiliki wake ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Na bei iulizwe kwa mthamini aliyesajiliwa kwa sheria ya uthamini ya 2016. Ripoti yake ina jina, saini na mtu wa kuwajibika ikiwa na kosa. Bei ya mdomo ya dalali haina chochote kati ya hivyo.