Unapunguza mwili lakini dishi inakaa adhabu? Toa zile sahani za wageni

Wacha tuambiane ukweli. Wengi wenu mnaoanza kupunguza mwili huachia wiki ya pili, na si juu ya njaa. Ni juu ya vile dishi inakaa. Kabichi imechemshwa hadi ikapoteza rangi, imetupwa kwa bakuli ya plastiki, unaikula ukiwa umesimama jikoni. Hapo nani hatakimbilia chipo?

Hii kitu niliiona kwetu Marani. Mathe alipatikana na sukari, akaambiwa apunguze ugali, aongeze mboga. Tukaanza kumtengea "chakula chake": managu ya kuchemsha na kaugali kadogo, kwa sahani ya bati imechubuka. Sisi wengine tunapakua kama kawaida. Baadaye tukajua jioni anapitia kwa jirani kumalizia ugali huko. Mtu ako na sukari, hiyo si mchezo.

Sasa cheki. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Charles Spence akiwa mmoja wao, walipatia watu 60 saladi. Vitu ndani ni vilevile, ila wengine walipewa imechanganywa tu, wengine imepangwa kwa mstari, na wengine imepangwa ikafanana na mchoro wa Kandinsky, yule msanii Mrusi. Hiyo ya mchoro ndiyo ilisemwa ni tamu zaidi, na watu walikuwa tayari kuilipia doh zaidi.

Na usidhani ni mambo ya wazungu. Magokoro akipika obokima ya wimbi hakuleti sufuria mezani. Anaiviringa vizuri, anaiweka kwa ekee, kile kikapu cha kusukwa.

Wewe anza na ugali. Lowesha kikombe cha chai, jaza ugali ukiwa moto, pindua kwa sahani. Unatoka na shepu safi, na hapo pia umejipimia, ni kikombe kimoja, hakuna mlima. Ukiwa wa wimbi, ile kahawia yake inatokea fiti kwa sahani nyeupe. Ugali mweupe hapo unapotea tu.

Mboga ndiyo inataka akili. Sukuma ukiikaanga dakika tatu nne bila kuifunika, inabaki kijani. Ukiifunika ikae motoni, asidi ya majani yenyewe inamaliza rangi. Chinsaga ni stori ingine. Lazima ichemke sana ndio uchungu utoke, na ikitoka huko imekuwa nyeusi, hakuna vile utaibembeleza. Iwekee rangi kando: nyanya mbichi, karoti ya kukwaruza, vipande viwili vya avokado. Viwili, nimesema. Mboga na hizo rangi zichukue nusu ya sahani, ugali robo, robo ingine maharagwe, omena ama yai. Hiyo hesabu si yangu, wataalamu wa lishe wa Harvard waliitoa 2011.

Zile sahani za mawe ya Tabaka pia zinavutia, lakini zenye zimepakwa rangi na vanishi ziache ukutani.

Na usinichukulie vibaya. Kupanga sahani hakutibu sukari, dawa na kliniki ziko palepale. Chapati nne zikipangwa kama ua bado ni chapati nne.

Kwetu tulifungua kabati ya glasi, tukatoa zile sahani za maua ambazo tangu nizaliwe ni za wageni tu. Na wote tukaanza kula kile mathe anakula, ju kutengewa ndiyo ilikuwa inamuuma. Siku ya kwanza aliangalia meza, akauliza, "Nani anakuja?" Tukamwambia hakuna mtu. Akakaa, akamaliza, akaomba mboga tena.

Majuzi mjomba alikuja bila kupiga simu, sahani zote za maua zikiwa tayari na wenyewe. Akapakuliwa kwa ile ya bati. Aliangalia kabati, akaangalia mathe, akanawa mikono.