Bukavu: Ekrani bapa zaingia vibanda vya michezo ya video, wachezaji walalamika mpira unachelewa

BUKAVU – Televisheni nzito zenye mgongo, zilizobeba mechi za PlayStation 2 kwa miaka mingi katika vibanda vya Kadutu, Bagira na Ibanda, zinaondoka moja baada ya nyingine. Nafasi yake inachukuliwa na ekrani bapa za LCD, nyingi zikiwa za mtumba. Wenye vibanda wanafurahia kurani wanayookoa. Lakini wanaoshika maneti wana lalamiko moja: unabonyeza sasa, mchezaji wako anapiga mpira baadaye kidogo.

Wengi huwacheka wakisema ni kisingizio cha aliyefungwa. Hapana. Ucheleweshaji huo upo, unapimika, na mara nyingine unaweza kupunguzwa bila kutoa hata franka moja. Kwa kijana anayetaka kuuza televisheni yake ya zamani ili anunue ekrani ya LCD, ni afadhali ajue mambo haya kabla dola haijatoka mfukoni. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, dola hiyo imekuwa ngumu zaidi kuipata.

Kibanda cha michezo si mahali pa starehe tu. Ni biashara ya chumba kimoja cha mbao, mabati juu, benchi mbili, televisheni mbili au tatu. Mteja analipa kwa mechi, aliyefungwa anampisha mwenzake, na mwenye kibanda anahesabu mechi za siku ili ajue kama jioni kutakuwa na chakula nyumbani. Saa moja bila kurani ni mechi kadhaa zilizopotea. Na mteja akishaamini kwamba ekrani ya hapo "inaiba", atahamia kwa jirani. Kadutu, jirani hayuko mbali.

Kurani ndiyo inayoamua

Ukisikiliza sababu za watu kubadili ekrani, uzuri wa picha hautajwi kwanza. Kinachotajwa ni delestaji. Mji wa Bukavu unategemea maji ya mto Ruzizi: bwawa la Ruzizi I lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa na watu wachache sana kuliko leo, na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo Congo inagawana na Rwanda na Burundi. Watu wameongezeka, mabwawa ni yale yale. Juu ya hayo, chupa na mifuko ya plastiki inayosombwa na mvua kutoka vilima vya mji huingia ziwani Kivu, inaelea hadi Ruzizi na kuziba mitambo. Yaani takataka tunazotupa Kadutu zinarudi kwetu kama giza.

Kwa hiyo mwenye kibanda anayetaka kufanya kazi kila siku ana njia mbili: jenereta ya mafuta, au batri inayochajiwa na jua ama na kurani ya SNEL inapokuwepo. Hapa hesabu inakuwa rahisi kuielewa. Televisheni ya mgongo ya inchi 21 inakula takriban wati 80. PlayStation 2 inakula kama wati 35. Jumla 115. Ekrani ya LCD ya inchi 19, ile ya kompyuta za ofisini, inakula kama wati 25, na pamoja na PlayStation 2 inakuwa 60.

Chukua batri moja ya volti 12 na uwezo wa Ah 100. Ukitaka idumu, usiimalize yote. Tumia nusu, yaani kama Wh 600. Kifaa cha kugeuza umeme wa batri nacho kinakula sehemu yake, unabaki na kama 510. Kwa televisheni ya mgongo, hiyo ni saa 4 na nusu hivi za kucheza. Kwa LCD, ni saa 8 na nusu. Siku moja batri ile ile inafanya kazi karibu mara mbili. Hakuna uzuri wa picha unaoweza kushindana na hesabu hiyo, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, mabadiliko haya hayatarudi nyuma hata wachezaji walalamike namna gani.

Kwa nini picha inakuwa mbaya

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: umenunua ekrani mpya, lakini picha ya PlayStation 2 imekuwa mbaya kuliko ya zamani. Majina ya wachezaji hayasomeki, nyasi zinatetemeka, na mshambuliaji mwembamba amekuwa mnene kama bawabu wa hoteli.

PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa Machi 2000. Iliundwa kwa ajili ya televisheni za wakati huo. Inatuma picha ya mistari 480 au 576, tena haitumi yote kwa pamoja: kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, halafu ya 2, 4, 6. Televisheni ya mgongo inapokea mistari hiyo na kuichora moja kwa moja kwenye kioo kwa miale ya elektroni, na jicho linaiunganisha. Ekrani ya LCD haichori mistari. Ina vijinukta vilivyopangwa tayari, zaidi ya milioni moja, na kila kimoja lazima kipewe rangi. Hivyo inabidi ishike nusu mbili za picha, iziunganishe, kisha iivute hadi ijaze ekrani yote. Katika kuvuta, picha inapoteza ukali wake.

Unene wa wachezaji una dawa rahisi. Picha ya zamani ina umbo la 4:3, na televisheni bapa nyingi ni 16:9. Chukua telekomande, tafuta sehemu ya umbo la picha, chagua 4:3. Kutabaki michirizi miwili myeusi kando, lakini wachezaji watarudi kwenye miili yao. Kuhusu ukungu, kable yenye ncha tano, tatu za picha na mbili za sauti, inatoa picha safi kuliko ile ya njano, nyeupe na nyekundu tuliyoizoea, mradi televisheni yako iwe na matundu yake.

Penalti iliyochelewa

Kazi hiyo yote ya kuunganisha na kuvuta picha inachukua muda, na huo ndio ucheleweshaji wanaoulalamikia vijana. Kwenye televisheni ya mgongo, muda kati ya ishara kuingia na picha kutokea karibu hauonekani kabisa. Kwenye baadhi ya televisheni bapa, hasa zile za miaka ya mwanzo, unaweza kufika milisekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Ni kidogo? Mchezo wa PlayStation 2 unaotoa picha 60 kwa sekunde utakuwa umepitisha picha 6 kabla hujaona ulichobonyeza. Kwa kutazama filamu hakuna shida. Kwa kipa anayesubiri penalti, au beki anayetaka kuingiza mguu bila kufanya kosa, ni shida kubwa. Wachezaji wote wawili wanachelewa sawasawa, ni kweli, lakini aliyezoea kibanda hicho ameshajifunza kubonyeza mapema. Mgeni hajui. Ndiyo maana ugomvi unaanza, hasa pale ambapo kuna pesa kati yao.

Hili si jambo la Bukavu peke yake. Huko Marekani, wanaoshindana katika mchezo wa Super Smash Bros. Melee, uliotoka mwaka 2001, mpaka leo wengi wao hubeba televisheni za mgongo hadi kwenye mashindano, kwa sababu hiyo hiyo ya kuchelewa.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Televisheni bapa nyingi zina mpangilio unaoitwa "Mode jeu" ndani ya menyu. Ukiuwasha, televisheni inaacha kupamba picha na kuipitisha haraka. Ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa: mwambie muuzaji awashe, akuonyeshe menyu. Ekrani za kompyuta huwa na haraka kuliko televisheni, lakini nyingi za mtumba zina tundu la VGA tu, hazina sauti, na PlayStation 2 haiingii humo bila kisanduku cha katikati. Vile visanduku vya bei rahisi vinavyogeuza ishara navyo huongeza ucheleweshaji wao, hivyo ulichokwepa mlangoni kinaingia dirishani.

Na jambo lingine ambalo fundi yeyote atakwambia: LCD haipendi kurani inayorudi kwa kishindo baada ya delestaji. Bila stabilizateri, ni afadhali kuichomoa kwenye prizi kurani ikikatika, na kuirudisha dakika chache baada ya taa kuwaka.

Ile ya zamani inaenda wapi?

Swali hili haliulizwi sana, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Kioo cha televisheni ya mgongo kina madini ya risasi, yale yale yaliyomo kwenye batri za magari. Katika televisheni moja inaweza kuwa kilo moja au zaidi. Kinapokuwa kizima, risasi hiyo imefungwa ndani ya kioo na haimdhuru mtu sebuleni. Kikivunjwa na kutupwa kwenye mtaro, hadithi ni nyingine. Mitaro ya Bukavu inaelekea mto Kawa, na mto Kawa unaelekea ziwani, ambako watu wanachota maji. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Wanaozivunja kwa kawaida wanatafuta shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya kioo, ili waiuze kwa kilo. Ndani ya bomba hilo hakuna hewa, hivyo likipigwa jiwe linapasuka kwa nguvu na vipande vinaruka. Pia linaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Hiyo si kazi ya mtoto mwenye nyundo.

Jirani zetu wa Rwanda wana kiwanda cha kuchambua vifaa vya umeme vilivyokufa, huko Bugesera. Kwa mwenye kibanda wa Kadutu, njia iliyo karibu ni fundi: televisheni ya zamani bado ina vipande vya kutengenezea nyingine. Au aibakize moja kibandani kwa ajili ya saa ambazo kurani ya SNEL ipo, na kwa wale wateja wasiotaka kusikia habari ya LCD.

Kuna hesabu moja ya mwisho ambayo wachache huifanya. Mchezo wa mwisho wa FIFA kwa PlayStation 2 ulikuwa FIFA 14, wa mwaka 2013. Aliyekwisha kununua ekrani bapa haraka anaanza kutamani PlayStation 4, inayoingia moja kwa moja kwa HDMI na kutoa picha inayostahili ekrani hiyo. PlayStation 4 ya kwanza inakula takriban wati 140 mchezo ukiendelea. Ukijumlisha na LCD ni 165, zaidi ya televisheni ya mgongo na PlayStation 2 kwa pamoja. Batri ile ile ya Ah 100 itakupa saa 3 hivi.