Sauti ya ngoma za Kwale isipotezwe kwa kubana faili

ANAYETENGENEZA filamu kuhusu Wadigo wa Kwale hukosi kusikia kwake mlio wa sengenya au kayamba. Ufuo wa Diani anaweza kuupiga picha tena kesho, lakini mzee wa Msambweni anayepuliza nzumari huenda asipatikane tena. Ndiposa aina ya faili itakayohifadhi sauti hiyo yafaa kuamuliwa kabla ya ngoma kuanza kulia.

Faili za muziki zaweza kugawanywa katika makundi matatu. WAV, iliyobuniwa na kampuni za Microsoft na IBM mwaka wa 1991, kwa kawaida huhifadhi sauti yote bila kuibana. MP3, iliyotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, hutupa sehemu ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi. FLAC, iliyotolewa mwaka wa 2001, hubana faili bila kutupa chochote.

Tofauti ya ukubwa si haba. Sauti ya filamu hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, aghalabu kwa biti 24. Dakika moja ya sauti hiyo, ikiwa na njia mbili, huchukua takriban megabaiti 17. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti moja tu.

Hasara yake ni gani? Kayamba hulia kwa mbegu zinazocheza ndani ya matete, na mchakacho huo umejaa sauti nyembamba za juu. MP3 ya kiwango hicho aghalabu hukata sauti zinazopita mitetemo 16,000 hivi kwa sekunde. Kwenye redio ndogo, kasoro haitambuliki. Lakini mhariri akishapandisha sauti, akapunguza kelele za upepo wa baharini na kuichanganya na mazungumzo, hujitokeza wazi katika ukumbi wa sinema.

Kuigeuza MP3 kuwa WAV hakusaidii. Faili huongezeka ukubwa, ila kilichotupwa hakirudi.

Kwa hivyo, rekodi kwa WAV na uweke nakala mbili mahali tofauti. Nafasi ikiwa finyu, hifadhi kwa FLAC. MP3 iwe ya kutumiana kwa simu tu. Wapiga ngoma nao wapewe nakala kamili, kwa maana sauti ni yao, na wajukuu wao ndio watakaoihitaji.